Mawe Chini ya Mchirizi

Mawe yalikuwa yameondolewa tena. Urbain alisimama mbele ya karakana yake, kikombe cha chai mkononi, akayatazama mpaka chai ikapoa. Jana jioni aliyapanga mwenyewe, jiwe baada ya jiwe, yakazibana mbao za chini kutoka kona hadi kona. Sasa yalikuwa yamelala mbali na ukuta, karibu mkono mzima, na udongo uliobaki katikati ulikuwa umefagiwa hadi mistari ya ufagio ikaonekana. Hii ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Mara ya nne! Mtu mwingine angekuwa amekwisha kurukwa na akili.

Na aliyeyaondoa hakuwa mwizi wala mtoto mtukutu. Mwizi unamkamata, mtoto unamfinya sikio. Aliyeyaondoa alikuwa mama mkwe wake, Mama Pélagie, na mama mkwe humfanyi kitu. Kama hujawahi kuishi na bokilo, yaani mkwe wako, chini ya paa moja, usicheke.

Mama Pélagie alikuwa mtu wa maporomoko, pale Wagenia, alikozaliwa na kuolewa na kufiwa. Alikuja mtaani Kabondo, mjini Kisangani, mwezi wa nane, binti yake Colette alipojifungua mtoto wa kwanza, ili akae naye mpaka mtoto aote meno. Hiyo ni desturi, na Urbain hakuwa na neno. Lakini kwao kulikuwa na desturi nyingine pia. Mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Hamtazami machoni. Hakanyagi mahali anapoogea. Akitaka kumwambia jambo, anampitishia mkewe. Mke asipokuwapo, anamwambia kuku au chungu au chochote kilicho karibu, kwa sauti ya kutosha, na mama mkwe anajibu kwa njia hiyo hiyo. Ni heshima kubwa, wazee wanasema. Urbain alikuwa amefika mahali pa kuiita jina jingine, ila kimoyomoyo.

Karakana yenyewe ndiyo iliyokuwa maisha yake. Kwa miaka saba alitengeneza viti na makabati katika karakana ya Mzungu mmoja karibu na bandari, akatukanwa miaka saba, na mwaka huo wa 1956 aliamua imetosha. Alinunua mabati, akajenga nyuma ya nyumba yake kibanda cha mbao. Mbao nzuri, ngumu, za mti wa lifaki aliziweka kwa ajili ya viti vya watu. Za kuta akachukua zile nyepesi, nyeupe. Paa nalo alilikata fupi ili mabati yatoshe. Halafu akaenda kuomba karatasi ya kufanya kazi peke yake, na ofisi ikamtuma ajenti wa usafi kuja kutazama.

Ajenti aliitwa Félicien, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki na kisu kidogo cha kukunja. Aliinama, akachokoa mbao za chini. Zilikuwa nyeusi tayari, zimerukiwa na matope hadi magotini, kwa sababu mvua ya Kisangani haidondoki, inamwagwa. Na maji ya paa fupi yalianguka mkono mmoja tu kutoka ukutani, juu ya uwanja mtupu uliofagiwa kila siku, yakarudi juu yakiwa tope.

"Papa Urbain," ajenti alisema, "hii itaoza. Badilisha hii ya chini, alafu ikinge na maji yenye kuruka. Miye nitarudi mwezi ya kumi na moja, kisha mvua kubwa. Nikiiona imeoza, ninaandika ibomolewe. Na bila karakana, karatasi haiko."

Basi Urbain alibadilisha mbao za chini pande zote nne, akaanza vita na maji. Alitengeneza mfereji wa mianzi chini ya paa. Dhoruba ya kwanza ikaung'oa na kuutupa kwa jirani. Alipaka mbao mafuta machafu ya lori. Mvua ikayaosha, uwanja mzima ukanuka, kuku wakatembea na miguu myeusi. Alipigilia vipande vya pipa. Maji yakaingia nyuma yake na kukaa humo. Ndipo akili ikamjia: mawe. Alisafiri kwa baiskeli hadi ukingoni mwa mto mara kumi na moja, gunia la mawe nyuma, gurudumu likilia, akayalundika kuzunguka kibanda pande zote nne, yakibana mbao kabisa. Ajabu! Mvua ikanyesha, na juu ya mawe mbao zikabaki safi. Urbain aliimba siku nzima.

Wiki iliyofuata mtoto akazaliwa, na Mama Pélagie akaja na ufagio wake.

Asubuhi hiyo ya mara ya nne, Urbain aliingia ndani akiwa ameuma meno. Colette alikuwa kitandani ananyonyesha, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Colette, ambia mama aache ile mawe."

"Nilishamwambia."

"Alijibu nini?"

"Alijibu: ambia bwana yako aache ile mawe."

Urbain alikaa juu ya sanduku. "Donc?"

"Donc miye nimechoka! Mutoto analia, mama anasema huku, weye unasema kule. Miye si facteur wa barua zenu."

"Lakini anayaondoa juu ya nini? Anaona ni uchafu?"

"Muulize."

"Nitamuulizaje?"

"Alors, ulizia kuku," Colette alisema, akampa mgongo.

Hakuuliza kuku. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hawezi kusema na kuku bila kujiona mpumbavu. Alitoka, akainama, akayarudisha mawe yote ukutani, moja moja, akiyapiga kwa kisigino ili yakae. Alipofika kona ya nyuma aliishia hapo, kama siku zote. Upande wa nyuma ulitazamana na kizuizi cha majani ambako Mama Pélagie alikuwa akioga, na tangu mwezi wa nane Urbain hakuwa ametia mguu huko. Mawe ya nyuma aliyaacha Mungu ayalinde.

Mama Pélagie alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, anachambua sombe, majani ya muhogo. Mbele yake alipita kuku mmoja mwekundu, mwenye shingo isiyo na manyoya.

"Weye kuku," Mama Pélagie alisema kwa sauti, "unaona maji inaanguka wapi? Inaanguka kule. Na mawe mutu anaiweka wapi? Anaiweka huku. Weye kuku, unaona hiyo iko na akili?"

Urbain alisikia. Alisikia vizuri sana, masikio yakamwaka moto. Kwa hiyo sasa anatukanwa mbele ya kuku! Mtu ambaye viti vyake vimekaliwa na mapadri na wakubwa wa serikali anaambiwa hana akili, nyumbani kwake, na mwanamke ambaye maisha yake yote ameshika mitego ya samaki. Aliingia karakana, akapiga randa kwa nguvu hata ubao ukapasuka.

Ikawa hivyo Septemba yote, na Oktoba yote. Jioni Urbain anayabana vizuri. Alfajiri Mama Pélagie anaondoa, na jua halijapanda Urbain amekwisha kuyarudisha. Jirani yake Jafari, fundi cherehani kutoka Maniema, akawa anakuja na kahawa yake asubuhi, anaegemea ua, anatazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Leo nani anashinda?" anauliza.

"Nenda kushona suruali," Urbain anamjibu.

Ajenti Félicien alituma habari kwamba angekuja Jumanne, wiki ya mwisho ya Novemba. Jumatatu mvua ilinyesha mchana kutwa. Urbain alikaa ndani akisikia mabati, akiwaza mbao zake. Mvua ilipokatika jioni alitoka na taa, akarudisha mawe pande tatu, akayashindilia kwa matope yenyewe ili mtu asiyaondoe kirahisi. Alilala amechoka lakini ametulia. Kesho, kwa saa chache tu, mawe yakae mahali pake. Hilo tu ndilo alilotaka duniani.

Alfajiri alisikia ufagio. Halafu alisikia jiwe likigonga jiwe.

Alitoka bila viatu. Mama Pélagie alikuwa ameinama upande wa mbele, kitenge amekifunga kiunoni, anayang'oa mawe kwenye tope kwa vidole vyake na kuyasogeza. Nusu ya upande ilikuwa tayari wazi. Na Urbain, ambaye miezi mitatu alikuwa amemeza kila neno, hakuweza kumeza tena.

"Mama!" alipiga kelele. "Acha! Acha ile mawe! Unataka nini na miye? Unataka banibomolee? Mawe ni yangu, nyumba ni yangu, rudi kwenu na ufagio yako!"

Alimtazama machoni alipokuwa akisema. Ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba macho ya mama mkwe wake yalikuwa ya rangi ya kahawia hafifu, na kwamba Colette alikuwa ameyarithi.

Mama Pélagie hakujibu. Hakukuwa na kuku karibu. Aliuegemeza ufagio ukutani taratibu, akanawa mikono kwenye pipa la mvua, akaingia ndani, akambusu mjukuu, akatoka na kifurushi chake kichwani. Aliondoka kwa miguu kuelekea mtoni. Jafari kwenye ua aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta sindano.

Colette alisimama mlangoni na mtoto begani. Hakupiga kelele, na Urbain alitamani angepiga.

"Umesema na mama yangu macho kwa macho," alisema. "Umemufukuza na mutoto hana hata jino moja."

"Ajenti anakuja leo, Colette! Ungetaka nifanye nini?"

"Sijui. Sasa mawe yako inakaa. Furahi."

Akafunga mlango. Urbain alirudisha mawe. Kwa kweli hakuona furaha yoyote mahali popote.

Ajenti Félicien alifika saa nne, na kofia yake na kisu chake. Alizunguka, akatazama mbao juu ya mawe, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Urbain akaanza kupumua. Kisha ajenti akachuchumaa, akasukuma mawe pembeni kwa mkono, akachoma ubao.

Kisu kilizama hadi kwenye mpini.

Ajenti alichoma tena, hatua mbili mbele. Kikazama. Alibandua kipande cha ubao kwa vidole tu. Ndani kilikuwa unga mweusi uliolowana, na mchwa weupe wakamwagika wakikimbilia gizani. Nyuma ya mawe walikuwa wamejenga vijia vyao vya udongo kwa amani kabisa, wamefunikwa vizuri, hakuna jua, hakuna kuku, hakuna ufagio wa kuwasumbua kwa muda mrefu. Upande wa kushoto vilevile. Wa kulia vilevile.

"Papa Urbain," ajenti alisema, "weye uliifunika mbao na blanketi ya maji."

"Ilikuwa safi," Urbain alisema. "Juu ilikuwa safi."

"Juu, ndiyo."

Ajenti akaenda nyuma. Urbain alitaka kumzuia, kwa sababu huko ni kwa bafu ya bokilo. Kisha akakumbuka bokilo hayupo tena, naye akafuata, miguu ikikataa kidogo.

Huko nyuma ajenti alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Mawe hayakugusa ukuta. Yalikuwa yamelazwa katika mstari mpana, mkono mmoja kutoka kwenye mbao, sawasawa chini ya ukingo wa paa, mahali hasa maji yanapodondoka. Katikati ya mawe na ukuta udongo ulikuwa umefagiwa, mkavu, na umeinuliwa kidogo ili maji yateremkie nje. Ajenti alichoma ubao. Ncha ya kisu iligoma. Alichoma mara tano, na mara tano iligoma. Hakukuwa na tone la tope juu ya mbao, maana maji yakianguka juu ya mawe yanavunjika, hayana udongo wa kurusha.

"Huku nani alitengeneza?" ajenti aliuliza.

Urbain alitazama mawe. Alikuwa anawaza asubuhi zote zile, mawe yaliyosogezwa mkono mmoja, sikuzote mkono mmoja, wala hayakutupwa hata siku moja. Alikuwa anawaza kuku. Alijisikia mjinga kuliko kuku.

"Bon," ajenti alisema akikunja kisu. "Siandiki ibomolewe. Ninaandika mwezi moja. Kata hii ya chini pande tatu, weka mupya, alafu mawe ikae namna ya huku. Ule mwenye kutengeneza huku, musikilize."

Musikilize! Ndiyo, asante sana.

Mchana Urbain alitafuta kitu cha kwenda kuombea msamaha. Alichukua kitenge kipya ambacho Colette alimtupia bila neno, na kwa haraka akamkamata kuku wa kwanza aliyemkuta uwanjani, akamfunga miguu na kumning'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Alikuwa amefika nusu ya njia alipoona ni yule mwekundu, mwenye shingo tupu. Alitukana kwa sauti, lakini hakurudi.

Kwenye maporomoko maji yalikuwa juu na yanapiga kelele. Wanaume walikuwa wamepanda kwenye nguzo zile kubwa za mbao zilizosimikwa katika miamba, wanateremsha mitego. Mama Pélagie alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya kaka yake, anatengeneza mtego uliotoboka kwa kamba za msituni. Urbain aliweka kitenge na kuku chini, mbali kidogo, akakaa akimpa mgongo, inavyotakiwa. Mbele yake ulikuwa mtego mwingine, mtupu, umelala ubavu.

"Weye mutego," alisema. "Ambia mama... ambia mama kisu iligoma kule nyuma. Pande zangu tatu zimeoza. Ambia mama nilisema mubaya, na nilimutazama, na nina haya."

Kamba ziliendelea kusikika zikikazwa. Watu wawili waliokuwa wanapita walitabasamu. Urbain alitazama mtego tu.

"Weye mutego," Mama Pélagie alisema mwishowe, "uliza ule mutu kama anaona batoto kule kwenye nguzo banafanya nini asubuhi."

Urbain aliinua macho. Kijana mmoja alikuwa anashuka kwenye nguzo akibandua majani na takataka zilizonasa, anazitupa mtoni.

"Banatoa majani," alijibu.

"Nguzo inakaa ndani ya maji miaka na miaka, haina shida. Lakini uache majani yenye maji iishikilie, pale pale inaoza. Mbao inapenda kupumua. Hiyo hata mutoto wa huku anajua." Alikata kamba kwa meno. "Miezi tatu niliambia kuku. Kuku alisikia. Mutu hakusikia."

Kisha akarudi kwenye mtego wake. Urbain alingoja mpaka jua likamchoma shingo. Hakuambiwa amesamehewa, hakuambiwa aende. Alirudi Kabondo akisukuma baiskeli, kwa sababu gurudumu nalo lilichagua siku hiyo kupasuka.

Siku tatu alifanya kazi peke yake. Alikata mbao zilizooza, akachoma mchwa, akapigilia mbao za lifaki, zile nzuri alizokuwa amewawekea watu wa viti. Kila msumari ulimuuma. Colette alimletea chakula na kuondoka. Mtoto alilia usiku na hakuna bibi wa kumpakata, na asubuhi uwanja ulijaa majani, kwa maana Colette hakuwa na nguvu na Urbain hakujua kufagia, alikuwa anahamisha vumbi tu. Mawe aliyaacha rundo. Alijaribu kuyapanga mara moja, akaona hajui tena mkono mmoja ni kiasi gani. Mkono wa nani?

Siku ya nne, alfajiri, alisikia ufagio.

Alilala akisikiliza kwa muda, asije akawa amejidanganya. Kisha akatoka, safari hii na viatu. Mama Pélagie alikuwa anafagia upande wa mbele, kitenge kipya kiunoni. Kuku mwekundu alikuwa hai, anachokora karibu na miguu yake. Alikwenda maporomokoni akining'inia kwenye usukani, akarudi kwapani mwa Mama Pélagie.

Urbain alichukua jiwe moja kwenye rundo. Aliinama karibu na ukuta, akageuza uso pembeni, akasafisha koo.

"Weye kuku," alianza.

Kuku alimtazama kwa jicho moja, pengine akikumbuka baiskeli, akakimbia hadi kwa Jafari.

Wakabaki wawili uwanjani. Hakukuwa na chungu, hakukuwa na mtego, Colette na mtoto walikuwa wamelala. Ufagio ulisimama. Urbain alikuwa ameinama na jiwe lake, mgongo unamuuma, hasira kidogo inampanda kama kawaida yake. Akaliweka chini.

"Hapa?" aliuliza, akitazama ardhi.

Mama Pélagie aliangalia juu kwenye ukingo wa paa, akaangalia chini.

"Nje kidogo," alisema.

Akalisogeza.